Hewa ya Bure

Rorya, kwetu ziwani
Februari 24, 2025

Kwako mwanangu Akinyi,

Marahaba. Naitikia kabla, maana najua ukifungua tu karatasi hii mdomo wako utaniamkia hata kama uko peke yako chumbani. Hujambo, mama? Baridi ya Njombe inakufanyaje? Zile soksi za sufu unazivaa au umeshampa mtu? Nakujua. Na kifua chako cha utotoni hakijakurudia? Ukisikia kinabana usijifanye kwa kuwa wewe ni nesi basi huumwi. Nenda kwa mwenzako akupime kama watu wote. Sisi huku wazima. Mguu wangu unauma asubuhi, nikishatembea unaacha. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja jike, huyo nimesema ni wako.

Utashangaa kwa nini barua na simu ipo. Mambo haya si ya simu. Kwenye simu utanikatiza kama ulivyonikatiza Krismasi, uniambie mama achana nao, funga virago uje ukae na mimi. Halafu kuna maneno mtu akiyasema kwa mdomo yanaanza kujisafisha yenyewe, mpaka yakifika mwisho msemaji ametakata. Nikaona niandike. Darasa langu la nne unalijua, palipokosewa herufi ruka, utaelewa. Anayekuletea ni binti wa Modesta wetu wa Mwanza, anakuja huko kwenye mafunzo. Mpe chai.

Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa masomoni na mengine uliyasikia vipande.

Siku baba yako anafariki, barabara ilikuwa imekatwa na maji siku ya tatu. Ilikuwa Aprili, ziwa limepanda mpaka shambani. Yakobo wangu alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, hewa inaingia kwa shida kama maji kwenye mtungi wenye mdomo mdogo. Njia ilikuwa moja tu, ya majini mpaka hospitali, na mtumbwi wenye mashine hapa kwetu ni wa baba yako mdogo Oyoo. Nilikwenda kwake mara ya kwanza akaniambia petroli imeisha, vijana wamekwenda kutafuta. Nikaenda mara ya pili, jibu lile lile. Mara ya tatu alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, akamtazama kaka yake anavyohangaika, akasema:

"Pumua taratibu, ndugu yangu. Hewa ni ya bure."

Akaenda kumalizia uji wake. Nilikaa nazihesabu pumzi za baba yako kama mtu anayehesabu vifaranga wasipotee. Saa tisa alasiri nilihesabu moja, nikaingoja ya kuifuata. Mpaka leo kuna wakati najikuta naingoja.

Hayo sikukuambia msibani. Ningekuambia ungefanya nini? Nami wakati ule nilidhani ni ujinga tu wa mdomo, kuna watu wakiogopa hutoa maneno ya hovyo. Lakini Agosti tulikuwa tunaanika dagaa mimi na Queen, mke wa Oyoo, wawili tu. Akaniambia bila kuinua macho kwenye dagaa kwamba siku ile madumu mawili ya petroli yalikuwa yamejaa, yako chini ya kitanda anacholalia yeye. Oyoo aliyaweka kwa ajili ya kuvua, giza la mwezi, ndipo dagaa wanapovuliwa, lilikuwa linakaribia. Akasema, mama, nimelibeba hili nimechoka. Mimi nikaendelea kugeuza dagaa. Nilianika mpaka wakaisha. Tangu siku ile, mwanangu, nikisali Baba Yetu nafika pale pa kusamehe naparuka, naendelea na majaribuni.

Novemba ukuta wa nyumba ukaanguka na mvua, hilo unalijua. Na mila zetu unazijua. Mjane hajengi, mjane hapandi paa, hata bati moja halishiki mpaka mwanaume wa ukoo amjengee, na anayejenga ndiye anayeingia kumrithi. Oyoo akaja na tabasamu, akasema atajenga kesho nikimkubali leo. Nikamwambia bado ninaomboleza. Akasema sawa, omboleza mvuani.

Ndipo nikahamia kwenye lile tela la baba yako. Si unalikumbuka, kile kinyumba cha magurudumu mawili ambacho wale Wazungu wazee walimwachia alipokuwa mlinzi kwenye kambi ya watalii? Ekseli lilikuwa limekatika, hawakuweza kulivuta kurudi Nairobi, wakampa na funguo. Wewe ulichezea humo duka. Ndani kuna kitanda kimoja, kabati, kadirisha kamoja ka pembeni na mlango. Nilifukuza kuku, nikapiga deki, nikaingia. Na mila ilikosa la kusema, kwa sababu sikujenga kitu. Kitu chenye magurudumu hakijengwi, kinaegeshwa.

Oyoo akaitisha kikao cha ukoo. Kiwanja hiki chote cha kwenye maji anakitaka aweke kichanja cha kuanikia dagaa, ndiyo maana. Akawaambia wazee kwamba anayelala kwenye kopo lenye matairi hana mji, ni mpita njia, na mpita njia hana kiwanja. Na hakuna haja ya kumfukuza, akasema, ngojeni Januari, bati lile likipata jua atatoka mwenyewe ameiva kama andazi. Watu walicheka. Alexander, mwenyekiti wa ukoo, akakata shauri: mpaka masika ianze. Mama Akinyi akiwa bado analala humo, mji ni wake. Akihama hata kwa siku tatu, Oyoo achukue.

Wewe uliniambia niende baraza la kata. Baraza lingenipa karatasi, mwanangu, halafu ningerudi na karatasi yangu kulala jirani na mtu yule yule.

Januari ikaja, na Oyoo hakukosea. Saa tano asubuhi ukishika ukuta kwa ndani unatoa mkono haraka. Jioni jua likizama joto linabaki humo kama linalipa kodi. Kadirisha nikikafungua mbu wanaingia kama wamealikwa, nikikafunga nalowa godoro. Nilipata vipele mgongoni kama mtoto. Wiki ya pili nililala kwa kukaa, nimeegemea ukuta, mdomo wazi, na nikajiona nimekaa vile vile alivyokaa baba yako. Hapo ndipo nilisema hapana. Sitakufa kwa kukosa hewa kwenye kiwanja hiki watu wawili, na Oyoo anakunywa uji.

Nikapanda basi kwenda Mwanza kwa Modesta, Nyegezi. Nililala kwake siku mbili tu, ya tatu ilikuwa sharti niwe kwangu. Nilitembea maduka ya Nyamagana mpaka soli ikaachia. Kijana wa duka moja alinionyesha kwenye simu feni yenyewe ya matela kama langu, inakaa juu ya paa, ina kifuniko kinachojifungua ukibonyeza, mvua ikija kinajifunga. Nzuri, nilitaka kuilamba. Bei yake ni ng'ombe na ndama wake, na inaagizwa, inafika baada ya miezi. Nikaonyeshwa feni ya ukutani, lakini hiyo inataka umeme wa nguzo na mimi nina paneli ya sola na betri moja. Nikaonyeshwa ya mezani ya kuchaji, nikaikumbatia kabisa, nikasema hii hii.

Modesta akanivuta, akasema twende kwanza kwa fundi Shimba. Huyu ni Msukuma mmoja mpole, anakaa barabarani hapo Nyegezi na kilima cha kompyuta zilizokufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi hawana. Akaniambia, mama, hiyo ya mezani inakoroga, haitoi. Chai ya moto ukiikoroga ndani ya chupa iliyofungwa inapoa? Nikasema haipoi. Akachukua boksi la karatasi, akawasha dawa ya mbu akaiweka ndani, moshi ukajaa. Kwanza akapachika kifeni kinachopuliza kuingia, moshi ukazunguka humo humo. Akakigeuza kitoe nje, akatoboa tundu dogo chini upande wa pili. Weee. Moshi ulitoka wote juu kama umeitwa jina. Akasema siri yote ni hiyo, mama, hewa ya moto inakaa juu, itolee juu, na chini uiachie ya baridi mlango wa kuingilia. Ukiziba tundu la chini, feni inazunguka bure na mtu anaiva.

Maneno hayo ya mwisho niliyaweka mahali pake.

Nilimuuliza vile viduara vya bati vinavyozunguka kwa upepo juu ya maghala, visivyotaka umeme. Akasema ni vizuri ila ni vizito kwa paa langu, na upepo ukilala navyo vinalala. Feni ya rejeta ya gari je? Akacheka, hiyo itamaliza betri kabla sijamaliza kusali. Mwisho akanichagulia vifeni viwili vya kompyuta kuukuu, vya ukubwa wa kiganja, vinakula umeme kidogo mno. Akavifunga pamoja kwenye fremu, akaweka wavu wa mbu chini yake, na juu kofia aliyoikata kwenye beseni la plastiki ili mvua isiingie. Vyote kwa bei ya kuku watatu na kanga. Akanichorea na picha ya kufunga.

Halafu akaniuliza swichi niiweke wapi, ndani karibu na kitanda? Nikamwambia, iweke nje, karibu na mlango. Alishangaa, mtu analala ndani swichi inakuwaje nje? Nikamwambia napenda nianze kupoza chumba kabla sijaingia. Akaona nina akili.

Sasa nani apande juu? Mimi siwezi, mjane hapandi. Shimba ningemlipia nauli angekuja, lakini mwanaume mgeni juu ya paa la mjane, Oyoo angeitisha kikao kabla hajashuka. Nikamtuma Queen kwa mumewe. Sikusema nimekubali kurithiwa, mwanangu, Mungu ni shahidi. Nilisema tu paa langu linataka mkono wa mwanaume wa mji huu, na kwamba Jumamosi nitapika. Nikawaalika na Alexander na wazee watatu, na kina mama wa kwaya waje waombee mahali ninapolala.

Jumamosi Oyoo alikuja amenyoa ndevu. Shati jeupe! Anafunga feni kwa shati jeupe, kwa sababu kichwani mwake alikuwa anaoa. Alitoboa kwanza tundu la chini kando ya mlango, akapanda juu, akatoboa, akaweka, akapaka gundi ya kuzuia maji, huku anawatania wazee kwamba andazi lenyewe limemwita mpishi. Nikamsifu. Nilimpa maji kwa mikono miwili. Kisha nikamwambia bado nati za ndani, aingie azikaze. Akaingia. Saa nane mchana, jua la Februari.

Hapo komeo la mlango likakwama. Ndivyo kijiji kizima kinavyosimulia na ndivyo Queen atakavyokusimulia ukimpigia. Mlango ukakwama, Oyoo akagonga, mimi nikahangaika natafuta bisibisi, kina mama wanaimba, wazee wanacheka chini ya kivuli cha banda wanamwambia avumilie, andazi bado upande mmoja. Alipotoka shati lilikuwa limegandana naye na macho mekundu. Alikaa chini kwenye vumbi. Alikunywa maji kata tatu bila kutazama mtu.

Tulipomaliza kula nilipiga magoti mbele ya wazee. Nikawaambia nina swali la mtu asiyesoma. Hii aliyopanda shemeji ni nyumba, au si nyumba? Kama ni nyumba, basi ndugu wa marehemu amenipandishia paa kwa mkono wake mwenyewe, mchana, mbele yenu, bila mimi kumpa neno la kukubali. Amenijengea kwa upendo wa kaka yake, nami nimetulia katika mji wangu. Kama si nyumba, basi hajajenga kitu, hana pa kuingia, na hayo ya kunirithi yaishe. Alexander alicheka mpaka akakohoa. Akasema mkono uliopandisha paa la mjane haumtoi mjane chini yake. Wakamgeukia Oyoo wakidhani atawaka. Oyoo, yule yule wa kelele, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hana neno, mji ni wa mama Akinyi.

Watu walisema joto limempiga. Na kweli. Lakini sasa nakuambia wewe, mwanangu, ambaye kazi yako ni kuwawekea watu mipira ya hewa puani. Kaa chini kama umesimama.

Mlango haukukwama.

Nililisukuma komeo mwenyewe, taratibu, kwa kidole kimoja. Lile tundu la chini nililiziba na kanga yangu, ile ya msiba, na kadirisha nilikuwa nimeshakafunga kwa nje tangu asubuhi. Swichi ilikuwa mbele ya pua yangu, nje, nilipoiomba tangu Nyegezi. Hapo ujue kwamba sikupandwa na hasira ya ghafla, nilisafiri nayo kwenye basi nimeipakata. Alipogonga mara ya kwanza nikatangaza kwa sauti kwamba komeo limekwama. Alipogonga mara ya kumi nikachuchumaa kwenye lile tundu, nikasogeza kanga kidogo, nikamwambia:

"Pumua taratibu, shemeji. Hewa ni ya bure."

Kugonga kukaacha. Alielewa hapo hapo. Nikarudisha kanga, nikakaa na mgongo wangu kwenye mlango, bisibisi mkononi kwa ajili ya watu. Bati ni jembamba, nilimsikia anavyovuta. Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mpaka nikafika pale nilipofika kwa baba yako, na nikapita. Kina mama walimaliza wimbo wakaanza mwingine. Akasogea kwenye tundu, akasema kwa shida kama mtoto, akiniita kwa jina langu, "Mafuta yalikuwepo. Achola, yalikuwepo."

Utadhani hapo nilifungua. Sikufungua. Mwanangu, nilikuwa nimejiapia kwamba akikiri nitafungua, na alipokiri mkono haukwenda. Nilimwacha wimbo mzima. Nilichokuwa nasubiri ni kusikia pumzi moja ambayo haina ya kuifuata. Hicho ndicho nilichokuja kukuambia, mengine yote ni maelezo. Kilichoniinua si huruma, ningekuwa nakudanganya. Ilikuwa kwamba alianza kukoroma ule mkoromo wa baba yako, ule ule, wa damu moja, nikasikia ni Yakobo aliye mle ndani na ni mimi niliyeshika kikombe cha uji. Nikawasha swichi, nikavuta kanga, nikafungua.

Yeye anajua. Hawezi kumwambia mtu, maana itabidi aseme na kilichoniuma. Na mimi siwezi kumwambia mchungaji. Jumapili mbili sijakaribia Meza ya Bwana, nasema tumbo. Tumekaa hivyo, yeye kwake na mimi kwangu, kila mmoja ameshika kamba ya mwenzake. Wiki iliyopita mke wa Chenge, yule mvuvi Msukuma, alishikwa na uchungu vibaya. Kabla mtu hajakwenda kumwomba, Oyoo alikuwa ameshafika majini na dumu begani anausukuma mtumbwi. Alipita mbele yangu. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Mtoto amezaliwa salama, wa kiume.

Utaniuliza kama najuta. Ule wimbo mmoja wa mwisho najuta. Nyimbo za kabla yake sijazijutia bado, na nisikudanganye kwa kuwa wewe ni mwanangu. Usinijibu haraka. Jibu lako lolote nitalisoma, hata likiwa kali, ila liwe la mkono wako.

Feni inafanya kazi nzuri. Nakuandikia saa saba mchana nikiwa humo ndani, karatasi inapepea nimeikandamiza na kisahani. Mwambie mwenye nyumba wako nimemsalimu, na wale wenzako wa wodini, na mama anayekuuzia maziwa. Modesta anakusalimia, Queen anakusalimia sana. Ukipata likizo njoo, kitanda tutabanana, hewa ipo ya kututosha. Kula vizuri. Vaa soksi. Mungu akufunike.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Achola wa Yakobo

Nimesahau. Watu wote wanaopita wananishauri nibadilishe lile komeo bovu lisije likanifungia mwenyewe. Fundi Shimba naye amepiga simu, ana jipya, atanipa bure. Nimewashukuru wote, nimesema nitabadilisha. Oyoo peke yake ndiye hajanishauri. Sitabadilisha, mwanangu. Si bovu.